Karama Hafuti Ubao

Ndugu msomaji, kama umepita sekondari hapa Tanzania, Kusadikika umekutana nayo. Kama hukuisoma yenyewe, basi ulisoma ile tahakiki yake ya kununua stendi, fani upande huu na maudhui upande ule, ukaikariri usiku wa kuamkia mtihani. Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Nilijibu swali, nikapata alama zangu, nikaamini Shaaban Robert nimemmaliza. Ilibidi kaka yangu atoke jela ndipo nikakifungua tena kile kitabu.

Habari ya kaka ni lazima niieleze kwanza, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika hapa. Sisi ni watu wa Kisanga. Tukitaka basi la mbali tunatoka mpaka Mikumi, barabara kuu. Tukiwa na shauri la wilaya tunakwenda Kilosa. Shauri la kaka lilikuwa magunia 4 ya mpunga ambayo hayakuwa yake. Hakusingiziwa, wala hakuponzwa na wenzake. Aliiba, akauza, akakamatwa, akafungwa miezi 18. Mimi nilikuwa nawaambia watu yuko Mererani machimboni. Mama alinisikia nikisema hivyo, akanyamaza.

Alipokuwa ndani nilianza riwaya. Nilijaza kaunta buku mbili. Shujaa wangu ni mshairi aliyefungwa bila kosa, anatoa hotuba kutoka selo mpaka askari wanalia, na kuna mwalimu anayekuja kumtia moyo, jina lake Mwalimu Nuru. (Ndiyo, Nuru. Naona aibu hata kuliandika tena.) Kaka aliporudi nikampa asome. Alisoma usiku mbili kwa tochi ya simu, akanirudishia.

“Dogo, jela hii umeiona wapi?”

“Kwenye vitabu, kaka.”

“Basi irudishe huko huko.”

Halafu akanisimulia habari za mwalimu wa kweli.

Mwalimu huyo alikuwa anafundisha sayansi katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, mfano wake ukiwa umetoka Sweden, ili mtu aliyeishia shule ya msingi apate ufundi na elimu bila kuzungushwa. Mara moja kwa wiki, mchana, alikuja gerezani na mfuko wa salfeti. Langoni anapekuliwa. Chupa ya kioo haipiti, tindikali haipiti, kiberiti hakipiti, wembe wa kukatia jani haupiti. Sasa niambie, mwalimu wa sayansi akinyang'anywa vyote hivyo amebaki na nini? Kaka anasema alibaki na kamba, karai, ndoo za gereza na udongo wa bustani. Ubao ulikuwa mlango wa zamani wa stoo, uliopakwa masizi na unga wa betri zilizokufa.

Siku moja somo lilikuwa mwendo wa maji. Walikuwapo watu waliouona Mto Mkondoa ukiingia Kilosa mjini, mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, ulipobomoa nyumba na kukata reli. Mwalimu akachora mto wenye kona, kisha akachora mwingine ulionyooka, akasema mto ukichimbiwa njia iliyonyooka maji yatapita moja kwa moja na kingo zitapona. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. Ujana wake wote alikuwa amelima kando ya Mkondoa.

“Samahani, mwalimu. Maji hayakai kwenye mstari. Utachimba kama rula, msimu ujao yameshakula upande mmoja.”

Watu wakacheka. Nyapara akamwambia akae chini. Mwalimu yeye hakucheka. Aliandika chini ya ule mto ulionyooka neno moja, TUTAONA, akaomba lisifutwe.

Wakachimba mfereji kando ya bustani, hatua kama ishirini, umenyooshwa kwa kamba. Kila wiki wanamwaga ndoo zilezile kutoka juu, wanapima kingo zote mbili kwa kijiti, mmoja anaandika. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu palikuwa pamemegeka kidogo kushoto, kwa sababu kijiwe kimoja kilikuwa kinasukumia maji huko. Ya sita mfereji ulishaota tumbo: upande wa nje unaliwa, upande wa ndani unajaa mchanga. Siku hiyo mwalimu alisimama mbele ya ule mlango, akachukua kitambaa, akafuta mto wake. Akamwita yule mzee mbele, akampa chaki achore wa kwake. Baada ya hapo ndipo akaeleza, kwa nini maji yanakwenda kasi zaidi upande wa nje wa kona, na kwa nini yakipunguza kasi yanatua mzigo.

“Pale ndipo nilipomkubali,” kaka akasema.

Nikamuuliza yule mzee alikuwa amefungwa kwa kosa gani. Kaka alikaa kimya, kisha akasema, “Kosa baya. Usiandike.” Basi siandiki.

Nikarudi Kusadikika nikiwa na ule mfereji kichwani. Kwa wale ambao mtihani umeshawatoka: Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Karama anashtakiwa kwa sababu ya kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na anayemshtaki ni Waziri Majivuno. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kwenda nje ya nchi, kila mmoja upande wake. Wanarudi na habari za mambo yanayoweza kuifaa nchi yao, na malipo yao ni kifungo.

Shuleni tuliambiwa dhamira kuu ni kupinga utawala mbaya. Sawa. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Mwingereza yuko madarakani, na mwandishi mwenyewe alikuwa karani wa serikali hiyohiyo. Ilibidi alipeleke jambo lake angani ili lipite. Silipingi hilo hata kidogo, na kila nikisoma hotuba za Karama natamani lugha yangu ingekuwa hata nusu ya ile.

Ila watazame wale wajumbe sita. Kwenda, kutazama, kurudi, kusema ulichokiona: hao ndio watu waliokaribia kuwa wanasayansi kuliko wengine wote ninaowajua katika riwaya zetu za zamani. Na wote sita wako jela. Tafakari gereza hilo, bwana! Mmoja anazijua habari za kaskazini, mwingine za mashariki, mwingine amefika mbinguni kabisa. Walikuwa wanazungumza nini usiku? Kuna mfungwa yeyote aliyewauliza swali? Au Kusadikika haikuwa na wezi wa mpunga? Shaaban Robert hatufungulii huo mlango. Habari zao zote tunazipata mdomoni mwa Karama, naye anazisema barazani mbele ya mfalme, kwa watu wakubwa. Chumba kilichokuwa kimejaa elimu kuliko chumba chochote katika nchi ile, sisi tumeachwa nje yake.

Halafu Karama mwenyewe. Ni mwalimu, tena mwalimu jasiri. Lakini ni mwalimu asiyekosea. Tangu anaposimama kizimbani mpaka anaposhinda hakuna mahali anaposema, hapa nilidhani hivi, kumbe sivyo. Anamshinda Majivuno kwa ufasaha. Siwezi kumfikiria Karama akishika kitambaa afute mto wake mbele ya watu, tena kwa sababu mfungwa mmoja wa nyuma amembishia. Jina lake tu halimruhusu. Ukishamwita mtu Karama, au Majivuno, au (nisijifiche) Nuru, umeshamfungia kazi yake.

Nadhani hapa ndipo tulipopatia sura ya mwalimu katika fasihi yetu: mtu anayesema, sisi tunasikiliza. Hata Mwalimu Nyerere tunamkumbuka kwa hotuba. Ni wangapi kati yetu wanakumbuka kuwa kabla ya siasa alifundisha baiolojia pale St. Mary's, Tabora? Mimi ningetoa chochote nisome ukurasa mmoja wa riwaya unaomwonyesha kijana yule akiwa na jani mkononi, mwanafunzi anamuuliza jambo ambalo halijui.

Labda utaniambia Kusadikika ni hadithi ya angani, jela za kweli ziko kwingine. Haya, twende Kamiti.

Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa Mombasa, umri wetu huu huu, alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyaandika humo, kwenye karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Kimvita chake kilinitoa jasho, na kaka alikata tamaa mara mbili. Lakini nilipomsomea lile la Telezi, la mtu anayeteleza mvua iliponyesha, alinyanyua kichwa. “Huyu kaanguka kweli,” akasema. “Sakafu ya selo ikilowa ndivyo ilivyo.” Kisha akaniambia yule mwalimu wao alianza somo la msuguano hivyohivyo, akamwaga maji sakafuni, akamwambia mtu apite pekupeku, apite na ndala, kisha wapimane. Utelezi mmoja, vyumba viwili. Kwa Abdilatif ni maisha yanayokuangusha ulipojiamini. Kwa mwalimu ni jambo la kupima. Sikuwahi kufikiri kwamba hayo mawili yanaweza kukaa jirani.

Kuna shairi lingine mle, Siwati, yaani siachi ninachokiamini. Hilo ndilo lililonifanya nitake kuandika jela. Na nalipenda bado. Mtu aliyewekwa peke yake ili abadilishe kauli yake hana silaha nyingine ila kushikilia. Lakini angalia: kazi ya mfungwa wa siasa ni kutokuacha, na kazi ya mwanafunzi wa sayansi ni kuwa tayari kuacha siku mfereji ukipinda. Sisi tulioiga Abdilatif tumechukua ile ya kwanza tukamvalisha kila mfungwa, hata ambaye anachokishikilia ni uongo aliomwambia hakimu.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alipitia Kamiti hiyohiyo. Alikuwa mhadhiri wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, akawekwa kizuizini kuanzia siku ya mwisho ya mwaka 1977 mpaka Desemba 1978, akaandika riwaya nzima kwa Kikikuyu kwenye karatasi za chooni. Kiswahili chake ni Shetani Msalabani. Na hapa kwetu Adam Shafi, aliyeonja kizuizi Zanzibar baada ya kuuawa Mzee Karume mwaka 1972, akatupa Haini mwaka 2003. Nikimsoma Hamza akihojiwa, mgongo unanisisimka. Sidhani kuna riwaya ya Kiswahili inayoijua jela kuliko hiyo.

Sasa sikilizeni, sitaki nieleweke vibaya kijiweni. Siwadai wazee hawa darasa. Abdilatif alitengwa na wenzake. Angemfundisha nani, ukuta? Ninalolalamikia ni letu sisi. Tumerithi jela ya watu waliofungwa kwa sababu ya fikra zao, tukadhani hiyo ndiyo jela yote. Wakati mfungwa tunayemwona sisi amevaa rangi ya chungwa, ana jembe begani, askari yuko nyuma. Wilaya yetu hii ina Mbigiri, ambako Magereza na NSSF wameingia ubia wa miwa na kiwanda cha sukari. Mfungwa yuko karibu na chai yetu namna hiyo, ila katika hadithi zetu hapiti, kwa sababu ana kosa. Tunaogopa msomaji atauliza, kwani mwathirika wake hana mama?

Swali hilo ni la haki, na silikwepi. Lakini wako ambao hadithi zao zimelibeba. Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kumuua mumewe. Akiwa Luzira aliongoza kesi yenye jina lake na wenzake 417, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima, na kwamba mtu asiwekwe akisubiri kitanzi zaidi ya miaka mitatu. Alisoma sheria kwa masafa, Chuo Kikuu cha London, akatoka mwaka 2016. Huyo ni Karama wa kweli, mwanafunzi wa uanasheria gerezani, ila si Karama wa Shaaban, maana hukumu ya kuua iko palepale kwenye faili. Mwandishi wa Kiswahili yuko wapi? Luzira ina shule ndani, wafungwa wanafundisha wafungwa, wanafanya mitihani ya taifa. Riwaya hiyo hata jalada haina.

Na kama unadhani sayansi ndiyo isiyowezekana kabisa ndani ya ukuta, iko habari ya Nalini Nadkarni, mtaalamu wa misitu aliyekuwa Chuo cha Evergreen State huko Marekani. Wauza maua walikuwa wanakwangua msituni yale majani madogo laini yanayoota kwenye magogo yenye unyevu, na yakikwanguliwa yanachukua miaka mingi kurudi. Alitaka kujua kama yanaweza kulimwa. Mwaka 2004 akaenda gereza la Cedar Creek, akawapa wafungwa kazi ya kuyaotesha na kuandika wanachokiona, kwa sababu wao walikuwa na kitu ambacho watafiti wengi hawana, muda wa kutazama jambo moja kila siku. Kaka nilipomweleza hakushangaa. “Muda ndio kitu pekee tulichokuwa nacho bure,” akasema. Huko huko Marekani sheria ya mwaka 1994 iliwakatia wafungwa fedha za serikali za kusomea chuo, na hawakurudishiwa kikamilifu mpaka Julai 2023. Miaka 29 watu walikuwa wanabishana kama mwizi anastahili kusomeshwa. Mabishano yenyewe hayo ni riwaya.

Basi tatizo langu la uandishi ni hili, na nalileta kwenu kwa kuwa najua wengi mnaandika. Nikimwandika yule mwalimu kuwa mtakatifu, nimemrudisha Nuru kwa mlango wa nyuma. Kaka anasema alikuwa mkali, alikuwa anachelewa, na wiki mbili hakuja kabisa wala hakueleza kwa nini. Hayo lazima yabaki. Nikimwandika mzee wa Mkondoa kuwa mzee mwenye hekima, nimedanganya vilevile, maana alichokuwa anakijua ni maji, na kujua maji hakukumzuia kufanya alichofanya. Msomaji atapenda achague: ama ni mbaya au ana akili. Na mimi nataka kumweka ubaoni akiwa na chaki, msomaji anajua kosa lake, na mto wake ni sahihi. Sijaweza. Nimeiandika sura hiyo mara nne. Kila mara naishia kumtafutia kisingizio: umaskini, mke, pombe. Kaka anasoma, anaweka alama ya mkasi.

Mara ya tano nimeacha kosa lilivyo, mstari mmoja, bila kisingizio. Dada yangu aliposoma aliifunga kaunta buku, akasema huyo mzee hataki kumwona tena kwenye kitabu hicho. Mama hakusoma, ila aliuliza kama jina la kaka limo. Nikamwambia halimo. Akasema, “Na mpunga?” Nikamwambia umo. Akaendelea kupepeta.

Kaka yeye ana malalamiko mamoja tu kuhusu sura hiyo. Niliandika kwamba wiki ya sita walimwaga ndoo kumi. Anasema zilikuwa ndoo kumi na mbili tangu wiki ya kwanza, na kwamba zikiwa kumi mfereji usingepinda haraka vile. Nimetafuta sepetu. Jumamosi tunachimba nyuma ya nyumba, tumwage kumi tuone.